Wati Elfu Mbili

Kartoni ilisema wati elfu mbili.
Maandishi ya rangi ya moto, na juu yake simba
anatema radi.
Mwenye duka, pale soko la Kenya, upande wa samaki wakavu,
akanipiga bega: "Beba, mukubwa. Hii itapasua vioo."
Kioo cha kushoto cha Carina yetu
kilishapasuka zamani, njia ya Kasumbalesa.
Sikuhitaji msaada.

Yav alikuwa ameniambia: usisome kartoni, soma fyuzi.
Kartoni huandikwa na anayeuza.
Fyuzi huwekwa na anayeogopa moto.
Nikamgeuza simba tumbo juu, nikachungulia:
fyuzi moja, ampea ishirini na tano.
Zidisha kwa volti kumi na mbili za betri,
mia tatu. Toa zile zinazoishia kuwa joto,
hata mia mbili hazitimii.
Elfu moja na mia nane zilikuwa za simba.

Nikatembea. Oktoba hii, mvua bado inatutania,
vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye soksi.

Mama Fwamba anauza vilivyong'olewa kwenye magari yaliyokufa.
Yeye hakunitajia wati.
Aliuliza, "Nani atasikiliza?"
Nilikuwa nimezunguka maduka saba na swali hilo halikuwa limeulizwa.

Nikasema, baba.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru la kuyeyushia,
na sauti za juu zikamtoka moja moja:
kwanza chiriku, kisha filimbi ya refa,
kisha mama akimwita kutoka jikoni.
Zimebaki za chini.
Ngurumo. Treni ya madini usiku.
Lori likishindwa kupanda.

Akapanda juu ya kreti, akashusha kitu cheusi,
hakina kartoni, hakina simba, kimekwaruzwa pembeni,
kizito kama mfuko wa unga.
"Ampli nyepesi ni bati tupu.
Hii ni njia nne, wati hamsini kila moja,
na ni wati za kukaa kutwa kazini,
si za kupiga chafya mara moja na kufa."
Alianza na dola sitini. Tulimalizana arobaini na saba
na nikarudi Katuba kwa miguu.

Yav alikuwa amenunua waya, mwekundu, mnene kama kidole cha mwisho.
Baba, kwenye kiti chake cha plastiki,
akanyoosha mkono. Akatoa kisu.
Akakwangua mara mbili.
Ndani, nyeupe.
"Aluminyumu," akasema, "imepakwa shaba
kama midomo ya mtu anayekwenda kupigwa picha."
Akatazama upande wa lile bomba refu la moshi
na mlima mweusi wa makapi ya madini chini yake.
"Lubumbashi hii? Mimi niuziwe waya wa uongo
Lubumbashi hii?"

Akaingia ndani. Tukasikia kitanda kinasogezwa.
Akatoka na koili ya zamani, imefungwa gazeti,
shaba mpaka moyoni.
Yav alitaka kuuliza ilitoka wapi.
Nikamkanyaga mguu.

Tukafunga fyuzi karibu na betri, kiasi cha shubiri moja.
Chini ya kiti Yav akakwangua rangi mpaka chuma kikacheka,
maana waya wa ardhi ukishika rangi
gari zima litalia kama mbu.
Kisha kile kitufe kidogo, kwa bisibisi, polepole.
"Watu hudhani ni cha kuongeza kelele," akasema.
"Ni cha kuwafanya wawili waelewane."

Baba hakuingia garini.
Alibandika kiganja kwenye mlango, kwa nje,
kama anayepima homa ya mtoto.
Rumba ya siku za ujana wake. Besi ikaja mviringo,
bila kupiga kelele, bati la mlango likapumua.
Akafumba macho. Jirani akachungulia ukutani, akarudi.

Dakika ya tatu akainua kidole.
"Hapo," akasema. "Mpiga besi amekosea."

Nikairudisha nyuma.
Nikairudisha tena.
Mimi, na masikio yangu yote mawili mazima,
sikusikia kosa lolote.